Meza Iliyofika Darajani

“Mbao mbichi husinyaa,” alisema Mama Msasa kwa mara ya tatu. “Husinyaa, hupinda, hupasuka. Haikui. Nimo humu ndani miaka ishirini na sita, sijaona meza inayokua.”

“Basi umeiona,” alisema mumewe.

“Nilichokiona ni haraka yako. Mti umeangushwa Jumamosi, Jumanne ni meza. Gundi yenyewe ilikuwa inakucheka.”

“Barua ilisema Jumanne.”

“Barua ina randa? Barua ina jiriwa? Ungewaambia mbao inataka miezi sita ikauke.”

“Niwaambie watu wasubiri amani miezi sita?”

“Kwani sasa hivi wanafanya nini?”

Afisa wa Itifaki alikuwa amesimama katikati yao, futikamba mkononi na maranda kwenye viatu. Aliomba radhi kwa kuwakatiza. Alisema hakuja kutafuta mkosaji. Meza ya mazungumzo ilipopokelewa ukumbini Jumanne ilikuwa na mita sita kamili, na yeye mwenyewe alitia saini. Leo Alhamisi ina mita saba na robo. Viti havitoshi, au vinatosha lakini vimeachana, hilo bado linajadiliwa. Tena imechipua majani kwa chini, na mjumbe mmoja yanamtekenya magoti. Alitaka tu kujua kama kuna dhamana.

“Dhamana ni ya kuvunjika,” alisema Fundi. “Ya kukua hatuna.”

Afisa aliandika hivyo.

Karakana ilikuwa mwisho wa barabara, hatua chache kabla ya daraja. Ukumbi ulikuwa barabara hiyo hiyo, nyumba kumi na moja nyuma. Mtu akisimama kwenye mlango wa karakana aliona kizuizi cha chuma chenye rangi mbili, askari wawili, mto, na ng’ambo ya mto paa la bluu la zahanati. Chini ya paa hilo alikuwamo binti yao, mkunga. Alivuka Jumatatu moja kwenda zamu ya siku tatu, Jumatano daraja likafungwa. Aliondoka na mimba ya miezi miwili. Siku Afisa alipokuja na futikamba, mimba ilikuwa na miezi saba. Mumewe, dereva wa lori, alikwama kwenye upande wa tatu, ambao ulikuwa bado haujatambuliwa, hivyo hakuna aliyejua pa kumwombea kibali.

Vita vyenyewe havikuwa vya kila siku. Ilikuwapo wiki ya risasi, kisha wiki ya matangazo. Watu walichanganyikiwa zaidi wiki ya matangazo. Asubuhi redio ilisema daraja litafunguliwa, mchana ikasema halikuwahi kufungwa, jioni ikawashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Sababu ya vita ilikuwa imechapishwa kwenye kijitabu, lakini kila upande ulichapisha chake, na mtu aliyesoma vyote viwili alitoka amejua machache kuliko alivyoanza. Sare za majeshi zilikatwa kwenye kitambaa cha kiwanda kimoja, kwa hiyo askari walipokutana ilibidi waulizane kwanza.

Jioni ile Mama Msasa alikwenda ukumbini na kopo la vanishi. Hilo lilikuwa jukumu lake tangu walipooana: mume anakata na kuunga, mke anapiga msasa na kupaka rangi. Aliyapogoa majani chini ya meza kwa mkasi wa kushonea, akapiga msasa kipande kilichoongezeka, akakipaka vanishi. Mbao ile mpya ilikuwa nzuri, hilo alilikiri, na nyuzi zake ziliendelea sawasawa kutoka kwenye mbao ya zamani bila kiungo.

Alikwenda hivyo kila jioni, na baada ya wiki mbili akawa amegundua jambo. Siku wajumbe walipokaa mpaka mwisho, hata kama ni kwa kutukanana, meza haikuongezeka. Siku walipoahirisha kikao, iliongezeka. Mwanzoni ilikuwa shibiri moja kwa kila ahirisho, halafu hatua moja, halafu urefu wa chumba.

Alimweleza Afisa.

“Wakae tu,” alisema. “Wasiinuke mpaka wamalize. Meza itatulia.”

Afisa aliona neno hilo lina maana, akalipeleka kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alilisikiliza kwa makini, akasema ni suala zito linalohitaji kutafakariwa kwa utulivu, kisha akaahirisha kikao. Alasiri ile meza ilitoboa ukuta wa mashariki na kutokeza barabarani, kati ya duka la dawa na kinyozi.

Madereva waligeuza njia. Kinyozi alisogeza kiti chake hatua mbili, akagundua kwamba meza inafaa kuwekea mashine na vioo, akakirudisha.

Waraka wa mazungumzo ulisema viti vya wajumbe viachane kwa umbali ulio sawa. Meza ilivyorefuka, viti vilisogezwa. Wajumbe wa pande zote mbili walijikuta wamepangwa barabarani mmoja mmoja, kila mmoja na mwavuli wake, kikombe chake cha chai na bendera yake ndogo. Walizungumza kwa kupaza sauti. Umbali ulipozidi sauti, aliajiriwa tarishi wa baiskeli kupeleka maswali na kurudisha majibu. Tarishi alikuwa mtu mwaminifu lakini maswali yalikuwa mengi. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu wafungwa, akajibiwa kuhusu mabomba ya maji. Aliyeuliza kuhusu mabomba aliletewa pole ya msiba. Wote walisema wamepokea na watayafanyia kazi.

Fundi alipewa kazi ya miguu. Kila meza iliporefuka alichimba, akapima, akafunga mguu mpya chini yake ili isilale. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa amefunga miguu themanini na minne. Hakuwahi kuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Alikuwa ameshanunua keekee mpya ya umeme, ya kutobolea mbao. Mkewe aliitazama tu, asubuhi na jioni, kila alipopita.

Siku moja uzalendo ulimshinda.

“Acha kufunga miguu,” alisema. Walikuwa wanakula mkate karakanani.

“Nikiacha itaanguka.”

“Ianguke.”

“Ikianguka wataahirisha mwezi mzima kuunda kamati ya kuchunguza kwa nini imeanguka. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, wakiahirisha inakua.”

“Na ukiendelea watakaa hapo mpaka wazeeke. Miavuli wanayo, chai wanayo, meza haitikisiki. Mtu gani atasaini aondoke mahali pazuri hivyo?”

Fundi alitafuna. Alifikiri juu ya hilo akaona ni kweli. Akafikiri juu ya alilolisema yeye, akaona nalo ni kweli.

“Sasa unataka nifanye nini, mama?”

“Sijui,” alisema Mama Msasa. “Ningejua ningekuwa nakupigia kelele?”

Walimaliza mkate. Hasira waliyokuwa nayo ilikuwa nyingi, ila hawakuona wa kumpa. Wakagawana kikombe cha mwisho cha chai na kurudi kazini.

Watu wa mtaa waliizoea meza. Wanafunzi waliandikia kazi zao juu yake baada ya shule. Wanawake walichambua mboga. Bibi mmoja mwenye duka la vitambaa alikatia hapo mapazia, akasema hajawahi kupata meza ya urefu huo katika maisha yake. Kilichowavuta zaidi ni Kanuni ya Kwanza, iliyobandikwa kwenye mguu wa kila mita kumi. Kanuni ilisema kwamba mtu yeyote aliye mezani haguswi, hakamatwi wala halengwi bunduki. Lilikuwa jambo pekee ambalo pande zote mbili zilikuwa zimelitia saini. Wiki ya risasi ilipofika watu walitoka majumbani na kukaa mezani, wakaendelea na shughuli zao. Risasi zilipita juu, kwa adabu. Wajumbe walilalamika kwamba kelele za watu zinawakosesha umakini.

Mimba ya binti yao ilipoingia mwezi wa tisa, meza ilifika darajani.

Askari wa kizuizi walipiga simu kuomba maelekezo. Maelekezo yalisema haruhusiwi kupita mtu, mnyama wala chombo cha moto. Meza haikuwamo katika orodha. Walikiinua kizuizi, meza ikapita, wakakiteremsha tena juu yake, wakaendelea kulinda. Fundi alipewa kibali cha kufunga miguu mpaka katikati ya daraja. Nusu ya pili ingefanywa na fundi wa ng’ambo.

Fundi wa ng’ambo alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni. Walijifunza kazi pamoja kwa bwana mmoja, miaka mingi kabla pande hazijawa pande. Kila mmoja alikuwa amepewa karatasi inayomkataza kusalimiana na mwenzake. Walipokutana katikati ya daraja, kila mmoja amelala chali chini ya meza, vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana.

“Unatumia skrubu namba ngapi?” aliuliza wa ng’ambo.

“Kumi. Wewe?”

“Nane. Kumi hazipatikani kwetu tangu mfunge daraja.”

“Tangu mfunge nyinyi.”

“Haya.”

Kila mmoja alifunga skrubu yake.

“Zitashika?” aliuliza Fundi.

“Zitashika kama hakuna atakayeruka juu yake.”

Halafu yule wa ng’ambo akasema, kama anayeongea na mguu wa meza, kwamba yuko mkunga pale zahanati ambaye tumbo limeshuka. Siku yoyote sasa. Fundi aliendelea kugeuza bisibisi mpaka kichwa cha skrubu kikalika, na skrubu hiyo ikabidi iachwe hivyo hivyo.

Aliporudi karakanani alimweleza mkewe. Mama Msasa alikuwa anachuja vanishi. Aliendelea kuchuja mpaka ikaisha, akafunika kopo, akaenda kusimama mlangoni akilitazama paa la bluu.

Simu iliita siku ya pili yake, saa nne asubuhi. Siku hiyo mtandao wa kuvuka mto ulikuwa umeruhusiwa, kwa sababu ilikuwa wiki ya matangazo.

“Mama, uchungu umeanza,” alisema binti.

“Tangu saa ngapi?”

“Alfajiri. Unakuja kila dakika kumi. Usipige kelele, mama, nisikilize. Amekaa vibaya. Ametanguliza makalio. Nimemshika kwa mkono, namjua alivyokaa.”

“Nani yuko na wewe?”

“Mhudumu wa usafi. Anajua kuchemsha maji. Damu anaiogopa.”

“Na wakunga wenzako?”

“Walirudi kwao kabla daraja halijafungwa. Hapa mkunga ni mimi.” Alihema kwa muda, akarudi. “Kazi naijua, mama. Nitakuelekeza kila kitu. Sifiki huko chini mwenyewe, basi. Nataka mikono tu.”

Mama Msasa aliitazama mikono yake. Ilikuwa na vanishi mpaka kwenye viwiko.

“Nakuja,” alisema.

Alinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa sabuni tena. Alikata kucha. Alifunga kanga mbili safi na mkasi wa kushonea ndani ya mfuko, akatoka. Afisa wa Itifaki alikuwa barabarani anapima meza, ambayo sasa ilikuwa imeshafika ng’ambo.

“Nataka kuvuka,” alisema Mama Msasa. “Mtoto wangu anajifungua pale.” Alilionyesha paa kwa kidole. Hata Afisa aliona kwamba ni karibu. Kamba ya nguo iliyokuwa uani kwa zahanati ilionekana, na shuka zilizokuwa juu yake zingeweza kuhesabiwa.

“Mama yangu, pole sana,” alisema Afisa, na alimaanisha. “Daraja limefungwa kwa watu.”

“Si mnasema mnatafuta amani? Mimi sitaki kubwa. Nataka nivuke saa nne, nimzalishe mwanangu, nirudi jioni, na asiwepo mtu wa kuniuliza mimi ni wa wapi. Hiyo ndiyo amani. Nyingine yote fanyeni mtakavyo.”

Afisa alisema hilo lingeingia vizuri katika dibaji. Alifungua begi lake akatoa kitabu cha taratibu, kwa sababu kweli alitaka kumsaidia. Kupita darajani kwa miguu kulikatazwa ukurasa wa tatu. Kukaa kwenye meza upande wa daraja kuliruhusiwa kwa wajumbe peke yao. Kupita chini ya meza kulikatazwa pia, kwa ajili ya nyaya za vipaza sauti. Aligeuza kurasa mbele, akazigeuza nyuma. Alionekana kupotea humo ndani kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akisaka mlango wa kutokea.

“Na juu yake?” aliuliza Mama Msasa.

“Juu ya nini?”

“Ya meza.”

Afisa alitafuta. Alitafuta kwenye faharasa, halafu kwenye viambatisho. Alivua miwani akaifuta, akatafuta tena.

“Juu kumeandikwa karatasi,” alisema, “vikombe, bendera, na maua yasiyozidi shibiri mbili. Sioni penye watu. Sioni kinachokataza wala kinachoruhusu. Nadhani nilipeleke kwenye kikao.”

“Wakifanya nini?”

“Wataahirisha ili walitafakari,” alisema Afisa, akasikia mwenyewe alichokisema, akafunga kitabu.

Fundi alikuwa ametoka karakanani, keekee mkononi. Aliyasikia yote. Aliiweka keekee chini, akapiga goti moja kando ya meza, akampa mkewe goti la pili akanyage.

“Pita katikati ya ubao,” alisema. “Ukivuka nusu kanyaga taratibu, skrubu za kule ni nyembamba.”

“Wewe baki. Ukipanda na wewe itaanguka.”

“Najua.”

“Zima jiko la gundi.”

“Nitazima.”

Mama Msasa alivua viatu, akashika bega la mumewe, akakanyaga goti, akapanda. Kutoka juu barabara ilionekana nyembamba na meza pana. Alikaza kanga kiunoni, akaweka mfuko kichwani, akaanza kutembea.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyechambua mboga. Alivuta sinia lake pembeni bila kuinua macho, akasema, “Mpe salamu.” Mbele yake kulikuwa na kizuizi. Askari wawili walitazama nyayo zake zikija kwa usawa wa viuno vyao.

“Uko mezani, mama?” aliuliza mmoja.

“Si unaniona?”

Waliangaliana. Kanuni ya Kwanza ilikuwa imebandikwa hapo hapo ubavuni mwao. Walikiinua kizuizi, akapita, wakakiteremsha.

Baada ya hapo walikuwa wajumbe, mmoja mmoja, chini ya miavuli. Mjumbe wa kwanza aliinua karatasi zake zisikanyagwe. Wa pili aliinua karatasi na kikombe. Wa tatu, mzee mwenye sauti nzuri aliyekuwa anasoma hotuba, alinyanyua mkono mmoja kumzuia.

“Unawakilisha upande upi?”

“Sogeza chai, baba, nisiimwage.”

Mzee alisogeza chai. Aliyefuata alikuwa wa ng’ambo, au alikuwa wa huku aliyebadilishana kiti, Mama Msasa hakuweza kujua na hakuuliza. Huyo naye aliinua karatasi zake. Baiskeli ya tarishi ilimpita ubavuni, ikarudi, ikampita tena. Alifika katikati ya daraja, ubao ukanesa, akakanyaga taratibu, ukashika. Mto ulikuwa chini yake. Kutoka mahali hapo aliyaona madirisha ya zahanati, na kwenye dirisha moja mhudumu wa usafi, ndoo mkononi, akimpungia aharakishe.

Akaongeza mwendo. Mbele yake karatasi ziliinuka moja baada ya nyingine mpaka ng’ambo, na nyuma yake wajumbe walifuta nyayo zake kwa leso, wakazirudisha karatasi mahali pake, wakaendelea na kipengele cha kwanza.